Mwanzilishi wa Vidole Vinane

Saa kumi na mbili jioni ya tarehe sita Januari, Odalie Parfait alitoa keki ya wafalme katika tanuri la ukumbi wa baraza la mji wa Pointe-Morvan, akaichoma katikati kwa kijiti cha fagio kuona kama imeiva, akainyunyizia sukari ya rangi tatu, kisha akabandika lozi moja juu ya mahali alipoficha haragwe. Lozi haikuwa pambo. Ilikuwa ishara kwa mwenyekiti, ambaye hakupenda mambo makubwa yaachwe mikononi mwa bahati.

Maana huko Pointe-Morvan, anayekuta haragwe katika kipande chake huwa Mwanzilishi wa mji hadi Jumatano ya Majivu. Si kuigiza. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto, kile cha mwisho na jirani yake, humtoka kabla hajamaliza kumeza, bila damu wala maumivu, kwa sababu Mwanzilishi naye hakuwa navyo. Hupata pia woga wa maji na hamu kali ya matunda ya plamu yaliyokaushwa. Jumatano ya Majivu asubuhi vidole hurudi mahali pake, visafi, kucha zimekatwa.

Mwanzilishi mwenyewe, Anselme de Morvan, Mfaransa, alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kijitabu kinachouzwa mlangoni pa mahakama kilisema alifika na merikebu tatu, akasimika msalaba chini ya mwaloni ulio mbele ya mahakama, akawapa wenyeji kisu na kioo, nao wakampa ardhi yote ya pale kwa furaha. Neno "kwa furaha" lilikuwa limepigiwa mstari. Vidole, kilisema, alivipoteza vitani.

Wajumbe walikuwa ishirini na watatu, na keki ilikatwa vipande ishirini na vinne. Cha ziada kiliitwa fungu la maskini, na desturi ilitaka kiwekwe kwa ajili ya maskini yeyote atakayebisha hodi. Desturi ilitaka pia mtu mdogo kuliko wote akae chini ya meza na kutaja kila kipande ni cha nani, ili pasiwe na upendeleo. Kwa kuwa watoto hawakualikwa, aliyekaa chini ya meza alikuwa mjumbe mdogo kuliko wote, Théogène Lapeyre, mwenye miaka hamsini na minane na ugonjwa wa jongo. Alishuka kwa hatua tatu, akasaidiwa na watu wawili, na kitambaa cha meza kikashushwa nyuma yake.

Mpango ulikuwa wa miaka mingi. Mwenyekiti, Achille Broussolle, ndiye aliyeshika kisu. Kisu kikigusa kipande chenye lozi, alimgusa Théogène kwa ncha ya kiatu, na Théogène alitaja jina walilopatana. Mwaka ule jina lilikuwa la Achille, kwa mara ya saba. Ila chini ya meza palikuwa na joto, na kufikia kipande cha kumi na nane Théogène alikuwa anaitikia majina akiwa nusu usingizini. Kiatu kilipomgusa alishtuka, akadhani wamefika mwisho, akataja kile kinachotajwa mwisho kila mwaka.

"La maskini."

Kisu kilisimama. Achille akainama kidogo.

"Théogène, umesema la nani?"

"La maskini, Bwana Mwenyekiti."

"Fikiri vizuri, ndugu yangu."

"Nimeshasema. Sauti ya chini ya meza haijirudi, si ndiyo sheria?"

Ndiyo ilikuwa sheria. Karani alifungua mlango wa barabarani, akauliza mara tatu kama kuna maskini, akaona mvua tu, akafunga. Kipande kikapelekwa jikoni kama kawaida, ambako kila mwaka Odalie alikifunga kwenye karatasi na kuwapelekea kuku wake.

Achille hakuwa mtu wa kuacha chakula kiharibike kwa ajili ya kosa dogo. Alipanga kukichukua baadaye kimyakimya, na wakati wengine wakitafuna alisimama kusoma tangazo. Mji utapata barabara mpya kutoka gatini hadi mahakamani. Itatandazwa maganda ya kome, yaliyo imara na meupe, na maganda hayo yapo tayari, bure, kwenye Kilima cha Kome kule kinamasini. Uchimbaji utaanza Alhamisi, siku moja baada ya Majivu.

Odalie alisikia yote kupitia kidirisha cha jikoni. Kilima cha Kome kilijengwa na watu wake, ganda juu ya ganda, tangu kabla ya Mfaransa yeyote kuwa na meli, na ndani yake walizika wafu wao. Mama yake alilala upande wa mashariki, huu mwaka wa pili, na nafasi ya kando yake ilikuwa ya Odalie. Alibaki amesimama na kipande mkononi. Hakuwa amekula tangu asubuhi, na mdomo wake ulihitaji kufanya kitu, basi akakila. Kiatu chake cha kushoto kikalegea. Alitoa haragwe mdomoni, akaliosha, akaliweka ukingoni mwa sahani.

Wajumbe walifika jikoni wakiwa wamepanga mstari. Achille alilitazama haragwe, kisha akakitazama kiatu.

"Mama Odalie. Vidole?"

"Vimeondoka, mheshimiwa."

"Vyote viwili?"

"Unataka kuhesabu?"

Achille hakutaka kuhesabu. Kanuni za mji zilifunguliwa, na hazikusema popote kwamba Mwanzilishi asiwe mpishi, wala mwanamke, wala mtu wa kinamasini. Walimvalisha utepe wa buluu na kofia ya pembe tatu, wakamwinamia mmoja mmoja, wakarudi mezani. Odalie akaendelea kuosha vyombo, kwa sababu vilikuwa bado vichafu.

Nje alikuwa anangojewa na shemeji yake, Firmin Solet, mume wa marehemu dada yake, mtega kaa na mtu asiyeweza kukaa na utani mdomoni. Aliinua taa akaitazama ile kofia kwa muda.

"Shikamoo, Mwanzilishi. Nchi yetu umeshaimaliza, sasa umekuja kuchukua na mtumbwi?"

"Shemeji, nyamaza unishike mkono. Naogopa maji."

"Wewe? Wewe uliyezaliwa ndani ya mtumbwi, mama anavuta nyavu?"

"Mimi siogopi. Yeye ndiye anayeogopa."

"Basi mwambie afumbe macho. Halafu mwambie, kile kisu alichotupatia kilikuwa butu. Babu alilalamika mpaka anakufa."

Njiani alimweleza habari ya kilima. Firmin aliacha kupiga makasia, mtumbwi ukajiendea wenyewe kidogo.

"Kijitabu chao kinasema tulimpa ardhi," alisema.

"Kwa furaha."

"Nani alikuwepo?"

"Yeye alikuwepo," Odalie alisema, akagonga kofia. "Kama walimpa kweli, nitakumbuka. Kama hawakumpa, nitakumbuka pia. Nina wiki saba."

Akaanza kazi kesho yake. Baada ya kufua na kupika, kila alasiri alivaa utepe na kofia akauzunguka mji akisubiri kumbukumbu. Alisimama chini ya mwaloni wa mahakama, mahali pa msalaba, akapata kiu tu. Alizunguka kanisa mara tatu. Alitembea gatini, akiwa ameshika ukuta. Watu walimsalimu kama inavyopaswa, wakamletea plamu kavu kwenye vikaratasi, naye akazila kwa ulafi uliomshangaza maana tangu utoto hakuzipenda. Zaidi ya hapo hakuna kilichokuja. Mwisho wa Januari alimfuata Achille dukani kwake.

"Mheshimiwa, wewe umekuwa Mwanzilishi mara sita. Ulikuwa unakumbuka nini?"

Achille alifikiri. Katika mambo madogo alikuwa mtu mkweli.

"Nilikuwa nakumbuka kijitabu," alisema. "Nilikuwa nimekisoma."

"Na kabla hujakisoma?"

"Plamu."

Jumapili ya kwanza ya Februari, Firmin alimpeleka kilimani kupalilia kaburi la mama yake. Kulikuwa na tope, na viatu vilikuwa vile alivyonavyo, basi akavivua. Alipokanyaga maganda, kumbukumbu ilimwingia kwa kisigino cha kushoto kama mtu anayeingia nyumbani kwake bila kupiga hodi.

Odalie aliketi. Firmin akaketi naye, akatoa kaa wa kuchemsha, maana aliona itachukua muda.

Ikawa wazi kwa nini mji ulikuwa mtupu. Mwanzilishi hukumbuka kwa nyayo zake, na nyayo zake hazikuwahi kufika Pointe-Morvan. Zilifika hapa tu. Kila hatua juu ya kilima ilikuwa na siku yake, na Odalie alirudi kila alasiri kuzikusanya, akisogea nusu hatua kushoto au kulia pale habari ilipokatika. Firmin alikuja naye. Alidai anakuja kwa ajili ya kaa.

"Leo yuko wapi?" aliuliza.

"Leo ni mtoto. Anamkumbuka baba yake. Fundi wa mapipa."

"Kijitabu kinasema mtoto wa bwana mkubwa."

"Ile 'de' ya ubwana katika jina aliipachika mwenyewe, melini, siku ya tisa. Hakuna aliyemkatalia, wote walikuwa wanatapika."

Merikebu hazikuwa tatu. Ilikuwa mashua moja, iliyotumwa kutafuta mdomo wa mto mwingine kabisa, ikazama kwenye fungu la mchanga wakati nahodha akigombana na ramani. Waliosalia ni Anselme na mtu mmoja mwingine, aliyeondoka kwa miguu kutafuta Mexico na hakusikika tena. Anselme alisimika msalaba kweli. Aliutengeneza kwa makasia mawili, akausimika majini ili uonekane na meli zipitazo, na alipokuwa akiukandamiza, kobe wa majini alimng'ata vidole viwili. Wiki ya tatu, kulipokuwa na baridi, aliuchoma msalaba huo kama kuni.

"Hivyo vita vyake ni kobe," Firmin alisema.

"Kobe mmoja."

"Alishinda nani?"

"Kobe alienda na vidole."

Watu wa kilima walimkuta akijaribu kula nyasi. Wakamwita Miguu Laini. Mwanamke mmoja, ambaye Odalie aliyafahamu magoti yake kwa sababu yalikuwa magoti ya mama yake, alimlisha samaki mkononi kwa siku nne kwa kuwa mgeni hakuweza hata kushika chakula. Mfukoni alikuwa na plamu kumi na mbili alizopewa na dada yake alipoagana naye, na kila Jumapili alikula moja. Moja alimpa yule mwanamke kama shukrani. Mwanamke aliionja, akaitema, akamwomba radhi kwa adabu.

Jioni Anselme alichora nyumba kwa kijiti juu ya maganda. Aliandika barua kwa waziri wa mfalme kueleza makazi aliyoyaanzisha: nyumba themanini, kanisa lenye kengele, shamba la ngano. Hakukuwa na kitu. Hakuwa mwongo wa kawaida, Odalie aligundua. Kila alipoandika nyumba alikuwa anaiona kabisa, na dirishani mwa ile ya pili kulia alimwona dada yake. Barua ilichukuliwa na wafanyabiashara waliopita. Waliokuja baadaye kutafuta nyumba themanini walizikosa, wakaona aibu kurudi, wakazijenga, na huo ndio mji.

Ilibaki siku moja kuipata, na Odalie aliitafuta juma zima, unyayo kwa unyayo. Aliipata upande wa mashariki, hatua mbili kutoka kwa mama yake. Mkuu wa watu wa kilima alikuwa amechuchumaa mbele ya mgeni. Alisema kwa ishara na kwa maneno machache waliyokwisha kufundishana: kaa hapa, mpaka pale kwenye maji, ule na ulale, majira haya ya baridi. Baridi ikiisha utaturudishia, maana tunapahitaji. Anselme aliitikia. Alishikana naye mkono. Hakutoa kisu wala kioo. Kisu alikuwa amekipoteza, na kioo hakuwahi kuwa nacho. Wiki ya kumi na moja homa ilimwua, plamu ya mwisho shavuni, wakamzika palepale alipoahidi.

Firmin alisimama, akaja kumtazama Odalie usoni.

"Walimpa?"

"Walimwazima. Kwa majira yale ya baridi tu."

Firmin alilitazama jua, kisha maganda, kisha kofia.

"Shemeji," alisema, "safari hii ukisema, utasema na kofia kichwani."

Jumanne ya Kanivali, siku moja kabla ya Majivu, saa nane mchana, Mwanzilishi huhutubia kutoka ngazi za mahakama na maneno yake huandikwa kwenye daftari la mji. Odalie alipanda akichechemea. Mji wote ulikuwepo, umevaa vinyago na manyoya, umetulia. Alieleza yote, tangu mapipa hadi plamu ya mwisho. Hakupaza sauti. Aliposema kwamba Anselme hakuwahi kukanyaga mji huu, watu waliitikia kwa kichwa, maana wengi walikuwa wameshajiuliza kwa nini Mwanzilishi hupotea njia kila akienda posta. Aliposema ardhi iliazimwa, Achille aliinua mkono.

"Baraza linamshukuru Mwanzilishi kwa unyofu wake. Swali moja. Mkataba ulikuwa mpaka baridi iishe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ile baridi ya wakati ule."

"Ile ile."

"Iliisha lini?"

Anselme alikufa wiki ya kumi na moja, kungali baridi. Odalie hakuwa na kumbukumbu ya zaidi ya hapo.

"Iliisha kama baridi zote zinavyoisha," alisema. "Watu walivua nguo nzito. Sasa hivi unatoka jasho, Bwana Achille, nakuona."

"Nakuuliza hati, Mama, sikuulizi jasho."

Karani alitumwa ndani. Alikaa robo saa. Aliporudi alisema amepekua daftari zote tangu la kwanza, na hakuna mahali panapoonyesha kwamba majira yale ya baridi yalitangazwa kwisha.

Baraza lilipiga kura palepale ngazini, wajumbe wakiwa wamevua vinyago kwa heshima. Iliamuliwa kwamba ushahidi wa Mwanzilishi ni wa kweli na unapokelewa wote. Ardhi iliazimwa hadi baridi iishe. Kwa kuwa baridi haijaisha, azima inaendelea, na uchimbaji ufanyike Alhamisi kama ulivyopangwa. Mifupa ya Mwanzilishi itafutwe na kuzikwa upya kwa heshima zote chini ya mwaloni.

"Na mifupa mingine?" Odalie aliuliza.

Achille alitazama karatasi zake kwa uangalifu wa kweli. Haikuwa kwenye ajenda.

Jumatano asubuhi Odalie aliamka na vidole kumi, kucha zimekatwa. Alhamisi mashine zilianza kula kilima. Mwanzilishi alipatikana siku ya tatu, akatambuliwa kwa vidole vinane na kokwa ya plamu kati ya meno. Alibebwa katika jeneza la mwaloni hadi mahali ambapo hakuwahi kufika, akapewa bamba la marumaru lenye tarehe na kosa moja la kijitabu, lile la vita. Wafu wengine, mama yake Odalie akiwamo, walipakiwa kwenye malori pamoja na maganda, wakasagwa na kutandazwa kutoka gatini hadi mahakamani. Firmin alifuata malori kwa mtumbwi hadi maji yalipokwisha.

Barabara ilikuwa nyeupe na nzuri, ila ilikumbuka. Aliyeikanyaga kwa soli nyembamba alijua ghafla jinsi ya kusuka mtego wa samaki, au alimlilia mtoto asiye wake. Mke wa Achille alirudi kutoka kanisani akiongea lugha ambayo wanane tu walikuwa wamebaki wanaijua, na aliiongea vizuri. Baada ya malalamiko kumi na moja baraza likamwaga lami, na kukawa kimya.

Mengine yalirekebishwa pia. Keki sasa hukatwa vipande ishirini na vitatu. Na kwa kuwa mwanasheria wa mji alishauri kwamba mwenendo wowote unaoashiria kiangazi unaweza kuharibu hati, wajumbe huvaa makoti ya sufu kwenye kila kikao, mwaka mzima, na sheria imepiga marufuku kufungua madirisha ya mahakama. Théogène alizimia mara mbili Julai. Aliandikwa kuwa na mafua.

Odalie bado hupika ukumbini. Siku za Jumapili huenda barabarani, kati ya duka la dawa na pampu ya petroli, mahali ambapo lami haikufika pembeni na maganda kidogo yanaonekana. Alipatafuta kwa wiki tano, nusu hatua kwa nusu hatua, kabla ya kupapata. Huvua viatu. Firmin humshikia mwavuli, maana mwezi wa Agosti jua la pale huyeyusha hata misumari.

"Odalie," mama yake humwambia kwa kisigino. "Baridi imeisha?"

Odalie hutazama upande wa mahakama. Achille Broussolle anashuka ngazi, amefunga vifungo vyote vya koti, skafu shingoni, jasho linamdondoka kidevuni. Anainua kofia kwa adabu.

"Bado, Mama."

"Ya mwaka huu imekuwa ndefu."

"Ndefu, Mama."

"Basi wavumilie. Mgeni hafukuzwi kwenye baridi."